Mzee wa Kwenye Kioo

Mchumba wangu alimwacha mzee mgonjwa jangwani mbele ya macho ya baba yangu, na chumba kizima kikampigia makofi. Hata mimi nilipiga. Baba peke yake ndiye aliyebaki na mikono magotini.

Mzee mwenyewe alikuwa na urefu wa kidole gumba. Alikuwa ndani ya kompyuta, amechorwa kwa vidoti vya rangi ya kahawia, na fimbo yake ilikuwa mstari mmoja tu. Nikikuambia kwamba kidole gumba hicho kilivunja ndoa yangu utasema natia chumvi. Sema tu. Hata mimi kwa muda mrefu nilisema hivyo hivyo.

Ilikuwa katika miaka ya tisini, pale Kakuma, penye kambi ya wakimbizi. Mimi ni mtoto wa Lodwar, na baada ya kozi ya uhazili kule kusini (sisi watu wa Turkana tukivuka Kainuk tulikuwa tukisema tunakwenda Kenya, utadhani tulikuwa na nchi nyingine) nilipata kazi ya kufundisha wakimbizi kupiga taipu. Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja cha mabati karibu na Tarach, ambao ni mto kwa jina tu. Karibu mwaka mzima ni mchanga. Tulikuwa na mashine za taipu za zamani na kompyuta chache zilizotumika ng'ambo hadi wenyewe wakazichoka. Kompyuta hizo nilizishonea vifuniko kwa magunia ya mgao, kwa sababu vumbi la Kakuma halibishi hodi. Asubuhi jenereta ikiwashwa tulifanya kazi, alasiri ikizimwa tulikwenda zetu nyumbani.

Ndani ya kompyuta moja tulikuta mchezo. Wenyewe walikuwa wameusahau humo kama mtu anavyosahau kitana kwenye mfuko wa koti la mtumba. Unaongoza msafara wa watu na ngamia kuvuka jangwa hadi ziwani. Una viriba vya maji, na njiani kompyuta inakuuliza maswali. Mgeni amekuja kuomba maji: utampa au utamfukuza? Ngamia ameanguka: utamchinja au utangoja ainuke? Ukifika ziwani unapewa pointi kulingana na watu na maji yaliyobaki. Maswali yalikuwa kwa Kiingereza, na anayejua aliwasomea wenzake. Wanafunzi wangu wengi walikuwa wamevuka jangwa la kweli kwa miguu yao, na mchezo ule waliupenda kuliko soda. Nilishangaa tangu siku ya kwanza. Nilidhani watauchukia.

Aliyeupenda kuliko wote alikuwa mama mmoja kutoka kusini mwa Sudan, aliyeuza chai na mandazi kambini na kuja darasani na unga bado kwenye viwiko. Taipu alikuwa haijui, wala hakuonyesha dalili ya kuijua. Lakini somo likiisha alihamia kwenye kompyuta ile na kuongoza msafara wake. Mahali fulani kabla ya ziwa, kila mara, mzee mmoja wa msafara alikuwa anashindwa kutembea na kompyuta inauliza afanywe nini. Mama yule alikuwa akibonyeza mbili, mbebe. Kila mara maji yaliisha kabla ya ziwa na msafara mzima ukafa, mzee akiwa mgongoni mwa watu.

"Kalas," alikuwa akisema. Imekwisha. Halafu anaanza upya.

"Mama," nikamwambia siku moja, "ukicheza hivi hutafika ziwani maisha."

"Najua, mwalimu," akanijibu. "Ziwa mimi nitafanyia nini?"

Nilicheka. Nilijisemea moyoni kwamba huyu naye, njiani alikotoka, lazima kuna mtu alimwacha. Nilijiona nimemwelewa vizuri sana.

Mchumba wangu alikuwa akisimamia stoo ya chakula ya shirika moja pale kambini. Alikuwa Mturkana wa Lodwar kama mimi, aliyelelewa karibu na shule ya misheni, Kiswahili chake kimenyooka na Kiingereza chake kimenyooka zaidi. Nilimpenda, na sitajifanya hapa kwamba sikumpenda. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu hapana tangu asubuhi: siku yako si leo, kadi yako si hii, gunia limeshapimwa. Hapana hiyo aliisema kwa upole, akitabasamu, na watu walimheshimu kwa kuwa hakuwa na upendeleo hata kwa ndugu zake. Nilijivunia sana jambo hilo.

Baba yangu alikuwa mchuuzi wa mbuzi, mtu wa maneno machache na hasira za karibu. Mimi nimerithi hasira. Maneno machache walipewa ndugu zangu. Alikuwa na jambo moja la ajabu: alikuwa haimbi. Mwanamume wa Kiturkana ana fahali wake, na fahali ana wimbo wake. Kwenye sherehe mwanamume huinua mikono kama pembe akamwimbia fahali mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Baba alikuwa akikalia ekicholong, kile kiti kidogo cha mti ambacho wanaume wetu hutembea nacho mkononi na kulalia usiku badala ya mto, akawatazama wenzake wakiimba. Sisi watoto tulidhani ni mambo ya kanisa.

Mazungumzo ya mahari yalikuwa yameiva. Wazee wa upande wa mchumba wangu walikuwa wamekuja Lodwar, wamekula, wamebishana juu ya ngamia kama inavyopasa. Ilibaki siku ya ng'ombe tu. Siku hiyo bwana harusi humchoma mkuki ng'ombe dume nyumbani kwa kina msichana, na bila ng'ombe yule hakuna ndoa hata mzae watoto mpaka mchoke. Anayeitaja siku ni baba wa msichana. Baba yangu alikuwa bado hajaitaja.

Jumamosi moja alikuja Kakuma akifuata mbuzi, nami nikamkaribisha kituoni aone kazi ya binti yake. Aliingia, akasema "ejok," wanafunzi wakajibu "ejok-noi" kwa lafudhi za nchi nne. Viti vilikuwepo, lakini alikaa kwenye ekicholong yake. Yule mama wa mandazi hakuwepo, Jumamosi ilikuwa siku yake ya kuuza. Mchumba wangu alikuja, akasalimu kwa mbali kama mkwe anavyotakiwa, na kwa kuwa alitaka kumfurahisha mzee akachagua mchezo ule.

"Huu ataupenda," aliniambia kwa sauti ya chini. "Una ngamia."

Baba aliupenda kweli. Alisogeza kiti, akaelekeza kidevu kwenye kioo, akasema ngamia wa tatu amefungwa mzigo vibaya. Watu wakacheka. Akasema yule wa mbele apumzishwe. Mchumba wangu akampumzisha, na kumbe ilikuwa ndiyo hatua ya maana, kwa sababu msafara ukaenda mbali kuliko ulivyowahi kwenda. Wawili hao waliongoza ngamia pamoja kama watu waliozaliwa boma moja. Nikiwa nimesimama nyuma yao nilimwona ng'ombe wangu wa harusi akianguka, naapa.

Ndipo mzee wa msafara akakaa chini.

Mchumba wangu akasoma kwa sauti, akitafsiri: "Mzee hawezi kuendelea. Moja, mngoje. Mbili, mbebe. Tatu, mwache." Na kabla neno la mwisho halijakauka mdomoni, akabonyeza tatu.

Msafara ukasogea. Mzee akabaki ameketi na ule mstari wake wa fimbo, akarudi nyuma polepole hadi akatoka pembeni mwa kioo. Maji yakatosha. Baada ya muda mfupi likatokea ziwa la buluu, kompyuta ikapiga kimuziki ambacho hakuna kati yetu aliyewahi kukisikia, kwa sababu hakuna aliyewahi kufika. Hapo ndipo tulipopiga makofi.

Baba akangoja tumalize. Kisha akamuuliza mchumba wangu, kwa Kiswahili ili kila mtu asikie, "Hiyo mzee ilikuwa nani?"

"Hakuwa mtu, mzee. Ni picha tu."

"Ilikuwa baba ya nani?"

"Haikuandikwa."

"Uliachia yeye maji?"

"Mchezo hauna nafasi ya kumwachia maji."

"Tumbako?"

Wanafunzi wakaanza kuchekacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naiona shingo ya baba.

"Alitemea wewe mate?"

Kwetu mzee akikubariki hukutemea mate, kifuani au kwenye paji la uso, na mtu haanzi safari kubwa bila mate ya wazee wake. Mchumba wangu alijua hayo kama ninavyoyajua mimi. Lakini chumba kilikuwa kimejaa watu, alikuwa amefika ziwani, na furaha ilikuwa bado imempanda. "Mzee," akasema akitabasamu, "kompyuta haitemi mate."

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Baba akasimama, akachukua kiti chake, akatoka. Nilimkimbilia nje, nikamkuta ameshafika barabarani, anatafuta lori la kwenda Lodwar.

"Siku ya ng'ombe sitaitaja," akaniambia kwa lugha yetu.

"Kwa nini, apa, baba yangu? Kwa sababu ya picha?"

"Hakusita," akasema. Neno hilo moja tu. Lori likaja, akapanda, akaniacha kwenye vumbi nimeduwaa.

Mchumba wangu alipoambiwa alishtuka kuliko mimi. Baadaye akakasirika, na haki alikuwa nayo. "Mimi nawapa watu elfu na elfu haki yao pale stoo," alisema. "Hakuna aliyewahi kulala njaa kwa sababu yangu. Hapo ndipo baba yako anipime, si kwenye toy." Nilimwambia anasema kweli. Niliamini anasema kweli. Siku hizi nasikia vijana wakibishana kama uamuzi wa kwenye mchezo ni uamuzi au si uamuzi, na kila mmoja ana hakika, nami najikuta nimekasirika bila kujua nimemkasirikia nani. Wakati ule nilikuwa na hakika kama wao. Nilimwona baba kama mtu wa kale aliyeona kioo akadhani ni dirisha.

Lodwar nako mambo yalikuwa yameharibika. Habari ilisafiri na lori lile lile, na njiani kompyuta ikashuka. Kilichofika mjini ni kwamba mkwe mtarajiwa wa baba yangu amemwacha mzee nyikani akafa. Shangazi yangu alitoka Todonyang, mbali kule ziwani, na samaki wakavu mgongoni, akaja kutoa pole. Aliniuliza marehemu alikuwa wa ukoo gani. Nilipomweleza kwamba hakuna marehemu, alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayemficha mwizi, akasema hata hivyo mbuzi wa kutakasa lazima achinjwe. Nilicheka, kisha nikaingia ndani nikalia.

Nilimsihi mchumba wangu aje Lodwar aombe msamaha.

"Nimwombe nani? Ile picha?"

"Mwombe baba. Alichekwa mbele ya watu."

Alikubali. Alivaa shati jeupe, akaleta sukari na tumbako, akaja alasiri wakati jua la Lodwar linapoanza kupunguza ukali. Baba alimpokea vizuri. Walikaa chumba cha mbele, mchumba wangu kwenye kiti, baba kwenye ekicholong, nami nilikuwa nyuma na shangazi nikipanga vikombe. Nilimsikia mchumba wangu akisema, "Mzee, kama nilikukosea heshima, nisamehe." Nilishusha pumzi. Nikachukua sinia.

Nilipofika mlangoni baba alikuwa ameanza kusema, na kitu katika sauti yake kilinisimamisha pale pale na chai yangu.

"Ulikuwa hujazaliwa," alikuwa akisema kwa lugha yetu. "Ukame ule ulimaliza mbuzi, ukamaliza punda. Tukawa tunakwenda upande wa milima, kulikosemekana kuna maji. Baba yangu miguu ikakataa. Nilimbeba mpaka nikaanguka naye. Mama na wadogo zangu walikuwa mbele, wamesimama juani wananingoja. Nikamweka kwenye kivuli cha kichaka cha mswaki. Nikamwachia maji na tumbako yangu yote. Nikainama anitemee mate. Hakutema. Sijui kama alikuwa na hasira nami au mdomo ulikuwa umekauka. Nikaenda, nikarudi. Nikaenda, nikarudi. Mwisho nikaenda nikiimba. Niliimba wimbo wa fahali wake, wa kwake yeye, ili asikie niko karibu. Niliimba mpaka sauti ikakatika. Lakini upepo wa ziwani ulikuwa mgongoni mwangu, unanisukuma mbele. Sauti yangu yote ilikwenda milimani. Sijui kama alisikia hata neno moja."

Sinia lilikuwa limenielemea na sikujua pa kuliweka. Sisi tuliambiwa babu alikufa kwa homa. Tulikuwa tukimwombea kanisani kama mtu aliyekufa kitandani.

"Kwa hiyo sikukatai kwa sababu ulimwacha," baba akasema. "Kuna siku mtu anaachwa. Nakukataa kwa sababu ilikuwa rahisi."

 Nilimwona mchumba wangu akifikiri, nikajua anapima, kama alivyozoea kupima, bila upendeleo. Nilikuwa namwomba Mungu aseme pole tu, anyamaze, anywe chai.

"Pole sana, mzee," akasema. Kisha akaendelea, kwa upole, na tabasamu lile lile la stoo: "Lakini basi tuseme ukweli. Mimi nilimwacha wa kwenye kioo. Wewe ulimwacha wa kweli. Kati yetu, nani anatakiwa kumsamehe mwenzake?"

  Nimewahi kushtuka maishani, nimewahi kuona risasi ikipita kwenye turubai la lori njia ya Kainuk, lakini sikuwahi kusikia baridi ikinipanda miguuni kama wakati ule, Lodwar, katika joto lile. Alikuwa hajatukana. Hakupaza sauti. Kila neno lilikuwa mahali pake, na hesabu ilikuwa sawasawa.

Baba aliinamisha kichwa.  Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Umesema kweli. Sina mdomo wa kukukataa. Mwezi ukiandama, leteni ng'ombe."

Siku ya ng'ombe ilikuwa imetajwa. Kitu nilichokililia kwa miezi kilikuwa kimewekwa mbele yangu.

"Wasilete," nikasema.

Wote wawili wakageuka. Sidhani walikuwa wamejua nimesimama pale. Nikaweka sinia chini, sakafuni, na chai ikamwagika.

"Kwa sababu ya mchezo?" mchumba wangu akaniuliza. Uso wake ulikuwa umeshangaa kabisa, kama mtoto aliyepigwa bila kosa, na hadi leo nikiukumbuka namhurumia.

"Mchezo nilikuwa nimeshausamehe," nikamwambia.

Sikuweza kueleza zaidi siku ile. Naweza sasa. Baba alikuwa amekaa chini mbele yake, amechoka, hawezi kuendelea, na yeye alikuwa amebonyeza tatu tena. Safari hii mzee hakuwa na urefu wa kidole gumba.

Aliondoka na shati lake jeupe. Shangazi aliniambia nimerogwa. Hayo ningeyavumilia, lakini lililofuata sikulitarajia. Baba hakufurahi wala hakunishukuru. Alinigeuzia mgongo.

"Umejua nilichofanya, ukaona aibu kuolewa kutoka nyumba hii," akasema. "Hukumkataa yeye. Umenikataa mimi."

Niliapa sivyo. Niliapa kwa mama yangu aliye kaburini. Hakunisikia. Chakula nilichopika alikisogeza kando akala cha shangazi. Asubuhi nilipoaga kurudi Kakuma nilimwinamia anibariki kama kawaida ya safari, akasema mdomo wake umekauka. Nilipanda lori nikiwa sina mchumba, na baba pia nilimwona ameniponyoka. Nilikuwa na hasira na dunia nzima, kuanzia huyo mzungu asiyejulikana aliyekaa mahali penye mvua akachora mzee wa vidoti.

Wiki ile, somo lilipokwisha na watu wakatoka, nilikaa mwenyewe kwenye kompyuta ile. Nilikuwa sijawahi kuucheza mchezo. Nilikuwa nasimamia tu wanaocheza. Nikaongoza msafara hadi mzee akakaa chini. Moja, mbili, tatu. Nikashindwa. Nilibaki nimekitazama kioo, kidole hewani, mpaka nikasikia mtu nyuma yangu.

Alikuwa mama wa mandazi, amesahau kikapu chake. "Mwalimu analia kwa ajili ya nini?" akauliza. Sikuwa najua ninalia.

Nikamweleza yote, mchumba, babu, wimbo, upepo, mate. Alisikiliza amesimama. Nilipomaliza nikamwambia, "Wewe unanielewa, mama. Najua na wewe kuna mtu ulimwacha. Ndiyo sababu unambeba huyu kila siku."

Alinitazama kwa mshangao, kisha nusura acheke. "Mimi sikuacha mtu, mwalimu," akasema. "Mimi ndio niliachwa."

 Nilikuwa nimemtungia maisha mwanamke huyu kwa miezi, nikayaamini, na nilikuwa nimeyatunga kichwa chini miguu juu.

"Ilikuwa kabla ya Nadapal, pale mpaka," akasema. "Mguu ikavimba, ikawa kubwa, mimi siwezi. Dada yangu iko na watoto. Akaniweka kwa kivuli. Akaenda na kuniita jina. Anaenda, anaita. Anaenda, anaita. Mpaka ile sauti ikawa ndogo kama nzi. Mimi nasikia yote."

"Ulimchukia?"

"Malesh, si kitu, mwalimu, nachukia mguu. Dada nachukia ya nini? Hiyo kuita ndio nilikaa nayo, mpaka watu ya gari wakaniokota." Akachukua kikapu chake. "Yeye na watoto hawakufika. Mafi. Nimeuliza mji ya Loki, nimeuliza hapa, hakuna mtu aliona."

 Nilitazama kioo, mzee bado ameketi anangoja. Nikamuuliza, ili tu niseme kitu, faida yake nini kumbeba picha ambayo haina habari.

"Hiyo mzee hajui kitu," akasema. "Lakini kidole ni yangu." Akajifunga leso vizuri, akaenda kuwasha moto wa chai ya jioni.

Nilipopata ruhusa nilikwenda Lodwar. Nilimkuta baba nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha ukuta, amekalia ekicholong na kunipa mgongo. Nilikaa chini mchangani nyuma yake. Sikumwomba ageuke. Nilimsimulia habari ya mama yule, tangu mguu kuvimba hadi dada kuita. Nilisimulia polepole, kwa lugha yetu, nikihakikisha sisahau kitu. Habari ya dada kutofika niliiweka kando.

Nilipomaliza alisugua tumbako kiganjani bila kuitia mdomoni.

"Alisikia mpaka wapi?" akauliza.

"Mpaka ikawa ndogo kama nzi."

"Na hakumchukia."

"Hakumchukia, apa. Anasema ile sauti ndiyo aliyokaa nayo."

Akasugua tumbako. Kule mbele mbuzi wa jirani walikuwa wakikohoa kwenye vumbi. Nilidhani amemaliza, nikaanza kuinuka.

"Siku ile," baba akasema, "upepo ulikuwa unavuma upande gani?"

Sikuwa nimemuuliza mama yule. Wala haikunijia akilini kwamba upepo ni kitu cha kuulizwa.

"Ulikuwa mgongoni mwa dada yake," nikasema. Sikusita hata kidogo. "Ulikuwa unamsukuma mbele."

"Mgongoni?"

"Mgongoni, apa."

"Na alisikia."

"Alisikia yote."

Baba akageuka. Aliniambia nisogee karibu, nikasogea, akanitemea mate kifuani.